Istilahi za Biolojia katika Upelelezi wa Jinai

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo taarifa za wataalamu wa maabara hazina budi kueleweka kwa Kiswahili na hakimu, shahidi na mshtakiwa. Katika makala haya tunaeleza baadhi ya istilahi za taaluma hiyo, kwani neno moja likipotoka mtu aweza kufungwa kwa kosa asilolitenda.

Jina la taaluma

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hutumia jina 'sayansi jinai', ambalo limekwisha kuenea. Tawi lake linalochunguza damu, mate, nywele na mifupa laweza kuitwa 'biolojia ya jinai', lakini jina hilo laweza kufahamika kuwa ni elimu ya maumbile ya wahalifu, kana kwamba mtu huzaliwa na uhalifu. Twaona 'biolojia ya upelelezi' yafaa zaidi.

Kidhibiti, sampuli, kielelezo

Tuchukulie kwamba panga lenye madoa limeokotwa mikokoni huko Madimba, mkoani Mtwara, katika pwani ya mlango wa mto Ruvuma. Likiwa mikononi mwa polisi, panga hilo ni kidhibiti. Kiasi kidogo cha doa kilichopanguswa kwa pamba ili kipimwe ni sampuli. Panga likipokewa na mahakama huwa kielelezo. Atumiaye neno moja kwa vyote vitatu huificha safari ya kitu hicho, na mahakama hutaka kujua ni nani alikishika, lini, na alikitunza vipi. Katika pwani ya joto na unyevu swali hili ni zito. Damu mbichi ikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki huharibika upesi. Yapasa kitu kikaushwe kwanza, mbali na jua, kisha kifungwe kwa karatasi.

Dalili na uthibitisho

Kipimo cha awali cha damu huweza kubadilika rangi hata kwa sababu ya kutu au maji ya baadhi ya mimea. Mtaalamu akiandika 'dalili ya damu', mfasiri asiandike 'damu'. Hata ikithibitika kuwa ni damu, bado yapasa kuuliza kama ni ya mtu, ya mbuzi au ya samaki.

Vinasaba

Neno hili limetokana na 'nasaba', yaani ukoo, na ndilo litumikalo serikalini kwa maana ya DNA, hata katika kuitaja sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Lisichanganywe na 'jeni', ambayo ni sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kuunda mwili. Sehemu zilinganishwazo katika upelelezi kwa kawaida hazina maelekezo hayo.

Aidha, vinasaba si vya binadamu peke yake. Mwaka 2015 Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walilinganisha vinasaba vya pembe za ndovu zilizokamatwa na vile vya kinyesi cha ndovu kutoka mahali mbalimbali. Waligundua kuwa pembe nyingi za ndovu wa savana katika shehena kubwa zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani pande zote mbili za Ruvuma.

Kulingana

Sampuli mbili zikilingana, haijathibitika kuwa fulani ameua. Imeonyeshwa tu kwamba zaweza kuwa zimetoka kwa mtu mmoja, na uzito wa jambo hilo hutolewa kwa hesabu. Basi 'zinalingana' isifasiriwe 'ni zake'. Kutolingana nako kuna uzito wake. Huko Uingereza, mwaka 1986, kijana aliyekwisha kukiri mauaji aliachiwa baada ya vipimo vya Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester kuonyesha kuwa vinasaba vyake havikulingana na vile vya mwuaji. Mwuaji mwenyewe alihukumiwa mwaka 1988.

Kanuni tunayopendekeza ni kwamba mfasiri asiongeze wala asipunguze uhakika wa mtaalamu. Wasomaji walio katika mahakama, polisi na shule twawaomba watuletee maneno wayatumiayo kazini, ili yapimwe kabla ya kusanifishwa.