Zamu ya Kinu, Zamu ya Prosesa

Ukifika na gorogoro moja ya mahindi kwenye kinu cha posho pale Kegonga, Kuria Mashariki, ukamkuta aliyekutangulia ana magunia matatu, mwenye kinu akiwa muungwana atakupisha. Lakini hatakupisha gunia likiwa katikati, maana unga utachanganyika. Sharti liishe kwanza.

Prosesa ya simu yako haina kikwazo hicho. Huandika ilipofikia, huiweka kazi kando, hushika nyingine, kisha huirudia bila kumwaga punje. Swali ni nani apewe zamu, na kwa muda gani.

Simu za Android zimejengwa juu ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Mwaka 2007, ule ule M-Pesa ilipoanza Kenya, mtayarishaji programu Ingo Molnár aliitilia mpanga zamu mpya. Mpanga zamu huyo huweka hesabu ya muda ambao kila programu imetumia, na aliyepata kidogo zaidi ndiye hufuata. Mwaka 2023, katika toleo la 6.6, kanuni hiyo ilianza kubadilishwa kwa nyingine inayojali pia nani ana haraka.

Ziko kazi ambazo mgao sawa hauzifai kitu. Sauti ya simu hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande kina saa yake. Kikichelewa, sauti inakwaruza. Kukifidia baadaye ni kusonga ugali wageni wakiwa wameshaaga. Hizi ndizo kazi za wakati halisi, na zinachotaka si kasi bali kutochelewa. 

Watafiti Liu na Layland walilichambua jambo hili la kutochelewa mwaka 1973. Wakizungumzia prosesa moja na kazi zinazojirudia kwa vipindi, walionyesha kwamba akitangulizwa yule ambaye muda wake unakaribia kwisha, hakuna atakayechelewa ilimradi mahitaji yote kwa jumla yasizidi asilimia 100 ya muda wa prosesa. Ukipanga kwa vyeo visivyobadilika, kazi zikiwa nyingi, uhakika huo unashuka hadi kama asilimia 69.

Linux iliipokea kanuni hiyo ya kumtanguliza ambaye muda wake unakaribia kwisha mwaka 2014, katika toleo la 3.14. Programu hutangaza mapema: nahitaji milisekunde 5 katika kila 20. Kerneli hujumlisha maombi, na nafasi ikiwa haipo, hukataa. Mimi napenda hapo pa kukataa. Afadhali kinu kinachokuambia asubuhi kwamba leo hakuna nafasi kuliko kinachopokea magunia ya kila mtu, kisha giza likuingilie foleni.

Vyeo navyo bado vipo, 1 hadi 99, na hatari yake ni dhahiri: mwenye cheo kikubwa akiharibika, atashika kinu asikiachie. Kwa sababu hiyo Linux iliwekewa kikomo cha kawaida: kazi za wakati halisi zipate milisekunde 950 katika kila sekunde, na 50 zibaki kwa wengine. Wapo mafundi wanaokiondoa kikomo hicho. Nadhani wanakosea, kwa sababu milisekunde hizo 50 zinamtosha fundi kuandika amri ya kuisimamisha programu iliyoharibika, bila kuizima mashine nzima.