Seti ya Ngoma Kuukuu: Itengenezwe au Ifutwe Daftarini?

Tulipokagua bohari la bendi mwezi uliopita, tulikuta nyuma ya masanduku ya tarumbeta kitu kilichofunikwa turubai. Chini ya turubai hiyo palikuwa na seti nzima ya zile ngoma ambazo wanamuziki wa jazz huziita dramu: ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, yenye upana wa inchi 22, ngoma mbili za kati, moja ya inchi 12 na nyingine ya inchi 16, ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma tumboni, na matoazi mawili. Paa lilikuwa likivuja mahali pale kwa misimu kadhaa. Kromu ilikuwa imeliwa na kutu, plastiki ya kumeremeta iliyovikwa mbao ilikuwa imebanduka, na panya walikuwa wamefanya ngoma kubwa kuwa nyumba ya uzazi. Mtunza bohari alikwisha kuandaa karatasi ya kuifuta seti hiyo daftarini. Alilolihitaji kwetu ni sahihi tu.

Hatukutia sahihi. Tuliomba majuma mawili ya kuchunguza, maana fedha za matengenezo zingetoka katika mfuko wa ustawi wa askari, na fedha hizo hizo zilikuwa zimekusudiwa kununua cherehani mbili za wake za askari. Jambo hili, basi, halikuwa la mapenzi ya muziki peke yake.

Ngoma zenyewe zilikuwa za aina ya Premier, za miaka ya 1960. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1922, ikahamia upande wa Leicester baada ya karakana yake kupigwa mabomu katika vita vya mwaka 1940. Ilikuwa ikiziuzia ngoma bendi za kijeshi za Uingereza, kwa hiyo si ajabu kwamba Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 vyombo vya namna hiyo viliendelea kuonekana katika vikosi vilivyorithi desturi za King's African Rifles.

Wapo vijana waliotuambia kwamba kitu cha zamani kina thamani kubwa, na kwamba ng'ambo watu hukigombea. Ni kweli kwamba mwezi Desemba 2015 seti ya Ludwig aliyoipiga Ringo Starr wa kundi la Beatles iliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa zaidi ya dola milioni 2. Lakini kilichonunuliwa pale ni jina la mpigaji. Ringo huyo huyo alikuwa akipiga Premier kabla ya mwaka 1963, na bado jambo hilo haliziongezei ngoma zetu hata shilingi moja. Uzee peke yake haujawa mali; ungekuwa mali, bohari letu lingalikuwa benki. Swali lililotukabili lilikuwa jingine: je, zikitengenezwa, zitalia? Na nani atazipiga?

La pili lilikuwa na jibu jepesi. Bendi ina seti moja tu iliyo nzima, nayo husafiri kwenda kwenye gwaride na sherehe. Vijana wanaojifunza hubaki kambini wakipiga madebe na meza za bwalo.

Kwa swali la kwanza tulimwita sajenti mmoja mstaafu, ambaye ndiye aliyeipiga seti hii ujanani mwake. Tulidhani ataanza kwa kuisikitikia. Mzee hakuitazama hata ile kromu. Alizifungua skrubu, akazivua ngozi zote, kisha akaagiza kioo kikubwa cha dirisha na kurunzi.

"Afande," akasema, "mengine yote yananunuliwa. Mzinga haununuliwi."

Sisi wanajeshi tukisikia neno mzinga hufikiri jambo jingine kabisa, lakini yeye alikuwa akisema juu ya ule mwili wa mbao wa ngoma, ambao katika vyombo hivi ni tabaka nyembamba zilizokunjwa na kugandishwa kwa gundi. Alipima upana wake kwa upande huu na upande ule, kwa kuwa mzinga uliopindika ukawa kama yai hauwezi kuwambwa ukatoa sauti moja. Halafu akaulaza ukingo wake juu ya kioo, akafunga madirisha, akawasha kurunzi ndani. Palipopenya mwanga ndipo ukingo ulipobonyea, na ngozi haitakaa sawa hapo. Ngoma ya inchi 16 haikupenyeza hata mstari wa mwanga. Ile ya inchi 12 ilikuwa na kasoro ndogo, ya kumalizwa kwa msasa na uvumilivu. Ngoma kubwa ndiyo iliyotutia mashaka: chini, pale maji yalipokuwa yakituama, tabaka zilikuwa zimeachana kiasi cha theluthi ya mzunguko wake.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Kabla mzee hajaja, tulikwisha kununua mjini ngozi mpya za plastiki za inchi 12 na 16. Hazikuingia. Papo hapo tukatoa hukumu kwamba mbao zimevimba kwa unyevu na seti imekufa, na ile karatasi ya bohari nusura ipate sahihi. Mzee alicheka. Ngoma za kati za Premier za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa kipimo cha Kiingereza cha zamani, kikubwa kidogo kuliko kipimo cha kimataifa kilichofuata. Ngozi zake hupatikana, ila huagizwa mahususi. Tungalipima kwanza, tungaliokoa fedha za askari.

Juu ya toazi lililopasuka hakupoteza maneno. Matoazi bora ni mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 80 na bati sehemu 20, na ugumu wake hutokana na jinsi ulivyochomwa na kupozwa. Fundi wa kuchomelea akiligusa kwa moto wake, huiua sauti. Waweza kutoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee, lakini umenunua miezi tu. Toazi hilo lilifutwa siku ile ile.

Fundi seremala alikubali kuzigandisha tabaka za ngoma kubwa kwa gundi na vibanio, akikaza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Hakuahidi kwamba itadumu. Tulimkataza kupaka rangi, na tukakataa pia shauri la kuchovya vyuma vyote katika kromu mpya: gharama hiyo peke yake ingalimeza bei ya cherehani moja, na kutu ya juu huondoka kwa mafuta ya taa na kitambaa. Tulichokitaka ni chombo cha kujifunzia, wala si pambo la ofisini.

Hesabu ilipofikishwa mbele ya kamati ya ustawi, ilikuwa pungufu ya nusu ya bei ya seti mpya. Cherehani moja ingenunuliwa sasa, ya pili ingesubiri robo mwaka. Mama anayewaongoza wake za askari aliisoma karatasi mara mbili, akaivua miwani.

"Nimekubali kungoja," akasema. "Lakini niambieni, Afande, paa la bohari limezibwa?"

Halikuwa limezibwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliandika katika makisio.

Basi kitu cha kwanza kilichonunuliwa ni mabati 4 na misumari yake. Ngoma kubwa ingali katika vibanio kwa seremala, ngozi za kipimo cha zamani zimeagizwa Uingereza, na mzee huja kila Jumamosi asubuhi kuwafundisha vijana juu ya madebe.