Jua la Garissa na siri ya nyirinyiri

Kama umewahi kufika Garissa mwezi wa Machi, wajua jua ni nini. Joto hupita nyuzi 35 na kila mtu hutafuta kivuli. Jua hilohilo ndilo linaloendesha mtambo wa umeme uliofunguliwa karibu na mji huo Desemba 2019: paneli zaidi ya 200,000, zenye uwezo wa megawati 55 hivi. Lakini likitua, paneli nazo hulala. Je, umeme wa mchana utawekwaje hadi usiku?

Njia moja ni seli ya fueli. Mchana, umeme hutenganisha maji yakawa haidrojeni na oksijeni. Usiku haidrojeni huingizwa kwenye seli, ikakutana na oksijeni ya hewani. Umeme hutoka, maji yakarudi. William Grove wa Wales alionyesha jambo hili tangu 1839.

Mbona basi hatuna seli hizo kila mtaa? Kikwazo kimoja ni elektrodi, yaani pale gesi inapogeuka kuwa umeme. Aghalabu huhitaji platinamu, madini ya bei ya kutisha.

Hapo ndipo udogo unaposaidia. Waulize wapishi wa Garissa wanaokaanga nyirinyiri: nyama ikikatwa vipande vidogo, mafuta huigusa pande nyingi zaidi. Platinamu ni vivyo hivyo, kwa sababu kazi hufanyika juu ya ngozi yake tu. Mchemraba wa sentimita 1 una eneo la sentimita 6 za mraba. Ukikatwa vipande vya nanomita 10 (unywele wako una upana wa nanomita 80,000 hivi), maeneo yote yakijumlishwa hupata mita 600 za mraba. Hiyo inapita ploti ya futi 50 kwa 100! Kwa hiyo chembe kidogo za platinamu zikitandazwa juu ya kaboni hufanya kazi ya donge zima.

Ujanja huo huo umo katika vioo vinavyojitia giza kwa umeme. Kioo hupakwa utando mwembamba wa oksaidi ya tungsteni. Ukiwasha umeme kidogo, chembe za umeme na za lithiamu huingia ndani yake na kioo kikawa buluu. Ukigeuza mkondo, hung'aa tena. Utando wenye vitundu vidogo mno hubadilika upesi zaidi. Fikiria darasa la Garissa lenye madirisha hayo saa saba mchana! Kwa sasa bei yake ni ya maofisa wakubwa, si ya shule zetu.

Nayo haidrojeni ina deni lake: kilo 1 hudai kilo 9 za maji. Mto Tana upo, lakini mbuzi, ngamia na mashamba ya migomba ya ukingoni wanayangojea maji hayo hayo. Mvuke unaotoka kwenye seli waweza kupozwa ukarudishwa kwenye tangi, mradi tangi lisivuje.