Leza Yachukua Nafasi ya Taa ya Zebaki: Namna Projekta Ndogo Inavyopata Mwanga Mkali

Kwa miaka mingi, mwanga wa projekta zinazotumika katika kumbi za mihadhara, shule na ofisi ulitoka kwenye taa ya zebaki. Hivi sasa taa hiyo inaendelea kuipisha leza, ambayo huiwezesha projekta ndogo kutoa mwanga mkali kwa saa nyingi zaidi. Kwa Mkoa wa Morogoro, wenye vyuo vikuu vya Sokoine (SUA) na Mzumbe chini ya milima na vijiji vilivyotawanyika kwenye miteremko ya Uluguru, mabadiliko hayo yana maana mbili: matumizi bora ya fedha za umma, na uwezekano wa kufikisha picha za mafunzo mahali ambako kila kilo ya mzigo na kila wati ya umeme ina hesabu yake.

Taa ya zebaki hudumu kwa takriban saa 2,000 hadi 5,000 kabla ya kubadilishwa. Umeme unapokatika ghafla, feni husimama wakati taa bado ina joto kali, jambo linaloweza kufupisha maisha yake. Na umeme unaporejea, taa haiwaki mpaka ipoe kwanza. Aidha, zebaki ni sumu, hivyo taa iliyokwisha muda wake haipaswi kuvunjwa wala kutupwa pamoja na taka za kawaida. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoridhia Mkataba wa Minamata, unaolenga kulinda afya na mazingira dhidi ya zebaki.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Hata hivyo, projekta ndogo zililazimika kusubiri diodi ya leza ya buluu, chipu ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo msingi wake uliwekwa na kazi ya Shuji Nakamura nchini Japani katika miaka ya 1990.

Kinachoifanya diodi hiyo kufaa si nguvu pekee, bali udogo wa mahali mwanga unapotokea. Kanuni za fizikia zinaonesha kuwa lenzi na vioo haviwezi kubana kwa wakati mmoja eneo la chanzo cha mwanga na upana wa mtawanyiko wa miale yake: ukibana eneo, miale hutawanyika zaidi, ukibana miale, eneo hupanuka. Ni mfano wa maji ya Uluguru, ambayo yakiwa kwenye mfereji mwembamba huongozwa kwa urahisi hadi shambani, lakini yakishasambaa bondeni hayakusanyiki tena yote. Kifaa kinachounda picha ndani ya projekta ndogo hakifiki upana wa sentimita 3, na mwanga unaokosa kukipata hupotea na kuwa joto. Kwa hiyo kuongeza idadi ya taa za LED, zenye eneo kubwa, hakusaidii baada ya kiwango fulani. Diodi za leza, kwa upande wake, hupangwa nyingi bega kwa bega na miale yake kukusanywa kwenye doa moja dogo.

Buluu pekee haitoshi. Jicho la binadamu huhisi zaidi rangi iliyo kati ya kijani na manjano: wati moja ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 ina lumeni 683, ilhali wati moja ya buluu ya nanomita 450 ina lumeni zisizofika 30. Wasanifu hivyo huelekeza miale ya buluu kwenye gurudumu lililopakwa fosfori, unga unaofyonza buluu na kutoa manjano. Manjano hiyo huchujwa ili kupata nyekundu na kijani, na buluu inayoachwa kupita hukamilisha rangi tatu za picha. Gurudumu huzunguka maelfu ya mara kwa dakika ili doa hilo lisiunguze sehemu moja.

Njia nyingine ni kutumia leza tatu, nyekundu, kijani na buluu, bila fosfori. Rangi zake ni safi zaidi, lakini gharama ni kubwa, leza nyekundu hupungua nguvu joto linapopanda, na picha inaweza kuonekana na chenga kwa sababu mawimbi ya leza huingiliana yanapogonga ukuta.

Adui mkubwa wa umbo dogo ni joto. Zaidi ya nusu ya umeme unaoingia kwenye diodi kwa kawaida hugeuka joto, na diodi iliyopashwa kupita kiasi hufifia na kuzeeka mapema. Katika Mji wa Morogoro, ulio takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, vumbi linaloziba njia za hewa ndilo la kuangaliwa. Katika vijiji vya juu kuna ubaridi, lakini hewa ni nyepesi na huondoa joto pungufu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 14. Projekta nyingi zina mpangilio maalumu wa mwinuko unaoongeza kasi ya feni, na mtumiaji anapaswa kuuwasha.

Suala la umeme lina uzito uleule. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200; ikitumika nusu tu ili isiharibike, hutoa wati-saa 600. Projekta ya wati 300 huzimaliza kwa saa 2, na ya wati 75 kwa saa 8, kabla ya kuhesabu upotevu wa inveta. Projekta hiyo ndogo hufaa usiku au katika chumba chenye giza, lakini huwawezesha wakulima wa milimani kutazama hadi mwisho somo la matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo.

Kuhusu usalama, mwanga huo haupaswi kutazamwa moja kwa moja kupitia lenzi. Projekta ifungwe juu ya vichwa vya watu, na watoto wasiruhusiwe kusimama karibu mbele yake.

Kwa taasisi na wananchi wanaonunua, mambo manne yanafaa kuulizwa: lumeni zilizopimwa kwa kiwango cha ISO 21118, matumizi ya wati, dhamana, na upatikanaji wa fundi. Watengenezaji wengi hutaja saa 20,000, muda ambao mwanga hushuka hadi nusu. Kwa matumizi ya saa 1,000 kwa mwaka hiyo ni miaka 20 katika hesabu, lakini leza haibadilishwi na mtumiaji kama taa. Ikiharibika mapema, ni dhamana na fundi vitakavyoamua kama fedha iliyotumika imepata thamani yake.