Fahamu: Kwa nini wengi wanaanza shule, wachache wanafika diploma?

Je, shule si ya bure?
Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na bila malipo. Utekelezaji ulianza nchi nzima Septemba 2019. Lakini kwa mtoto wa mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, mzigo unarudi akifika sekondari: ada ya shule, sare, madaftari, kisha malipo ya Mtihani wa Serikali, Exetat, unaoleta diploma na kufungua mlango wa chuo kikuu.

Pesa inakwama wapi?
Ada ina tarehe yake, ila mapato ya mama anayeuza makaa au unga hayana tarehe. Mwanafunzi akirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kukosa ada, anakosa somo ambalo mtihani utamuuliza.

Ni pesa tu?
Hapana. Kuna kijana anayevutwa na machimbo, kwa sababu kuchimba kunalipa leo, diploma inalipa kesho. Kuna msichana anayepata mimba, au anayelea wadogo zake. Kuna umeme unaokatika usiku wa kujisomea.

Nini kinasaidia?
Shule ikubali ada kwa vipande vidogo. Msichana aliyejifungua apokelewe darasani bila aibu. Mzazi aulize kila jioni, “Leo umejifunza nini?” Swali hilo halina gharama, nalo linamwambia mtoto kwamba masomo yake yana thamani nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba.