Simulizi ya mgonjwa yaweza kuleta dawa, lakini mwenyewe ndiye mwamuzi

Kisukari na shinikizo la damu ni maradhi ambayo mtu huishi nayo kwa miaka mingi. Hayazui taharuki kama kipindupindu, na kwa sababu hiyo husahaulika kwa urahisi bajeti zinapotayarishwa.

Ndiposa watetezi wa afya hutegemea simulizi za wagonjwa wenyewe katika vyombo vya habari. Katika Kaunti ya Turkana, iliyokuwa na watu 926,976 kwa mujibu wa sensa ya 2019, redio zinazotangaza kwa Kiturkana, kama vile Akicha ya Dayosisi ya Kikatoliki ya Lodwar, huwafikia wafugaji wasiopata gazeti.

Hata hivyo, si kila simulizi huleta manufaa. Mgonjwa akieleza mateso pekee, msikilizaji humwonea huruma, pengine akamchangia, na mambo yakaishia hapo. Akieleza kilichokosekana, wahusika hulazimika kujibu.

Chukua mfano wa insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, ilhali joto la mchana Lodwar hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Mgonjwa anayesimulia jinsi anavyosafiri mbali kutafuta dawa, kisha akakosa mahali pa kuihifadhi, ametaja mambo mawili yanayoweza kutengewa fedha: dawa karibu na makwao na jokofu katika zahanati.

Wakati pia ni muhimu. Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, na makadirio ya bajeti hufaa kufika katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Simulizi inayotangazwa baada ya Julai 1, mwaka mpya wa fedha unapoanza, huwa imechelewa.

Afrika Mashariki imewahi kushuhudia nguvu ya sauti ya mgonjwa. Mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya wa Uganda alitangaza kwamba alikuwa na virusi vya Ukimwi. Alizuru shule na makanisa akihamasisha watu hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Lakini uamuzi ulikuwa wake mwenyewe.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na humruhusu mwenye data kuondoa idhini aliyotoa. Aidha, idhini inayoombwa wodini mbele ya muuguzi ina walakini, kwani mgonjwa huenda akahofia kwamba akikataa atanyimwa matibabu.

Isitoshe, katika mji ambako watu hufahamiana, kuficha jina hakutoshi iwapo sauti, kijiji na ukoo vitamtambulisha. Anayeishi na Ukimwi akitambuliwa, huenda akaacha kwenda kliniki kwa kuogopa macho ya watu.

Kwa hivyo, kabla ya kurekodiwa, mgonjwa aelezwe ni nani watakaomsikia. Kabla ya kutangazwa, asikizwe alichosema na aruhusiwe kubadili nia. Kisha mwandishi arudi baadaye kuuliza iwapo dawa ilifika.