Ving'aavyo Vyote Si Dhahabu

Wahenga walinena kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu. Sisi wa Migori tuna haki ya kuitumia methali hii kuliko watu wengine, kwa sababu dhahabu yenyewe huchimbwa hapa kwetu, kule Nyatike na Macalder. Mchimbaji hafurahii kila jiwe linalometameta. Hulisaga, akalisafisha kwa maji, akapima kilichobaki, ndipo aseme amepata au amekosa. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini simu, taa za sola na vifaa vingine tunavyouziwa Rongo, Migori mjini na Homa Bay vinafaa kutazamwa kwa jicho hilo hilo.

Mwenzangu mmoja bwenini aliposikia ninaandika juu ya jambo hili aliniambia, "Ati wewe unapinga maendeleo!" La hasha. Kushuku si kupinga. Mama anayebonyeza nyanya sokoni kabla ya kuinunua hapingi nyanya. Anataka tu kujua kama ndani ni nzima.

Kwanza nianze na balbu. Mnamo Desemba mwaka wa 1924, wakuu wa viwanda vya balbu walikutana mjini Geneva, Uswisi, wakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Miongoni mwao walikuwa Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi na kampuni zilizoshirikiana na General Electric ya Marekani. Waligawana masoko ya dunia, na wakakubaliana kwamba balbu ya kawaida iwake kwa saa 1,000 tu. Kabla ya hapo balbu nyingi ziliweza kuwaka saa 1,500 hadi 2,000. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiasi hicho kilitozwa faini! Wenyewe walijitetea kwamba balbu ya maisha mafupi hutoa mwangaza mkali zaidi kwa umeme ule ule. Utetezi huo una ukweli kiasi, maana waya unaowaka kwa moto mkali hutoa nuru zaidi na hukatika mapema. Lakini kama nia ilikuwa kumfaidi mnunuzi peke yake, ya nini kumtoza faini aliyetengeneza kitu cha kudumu? Mnunuzi angeachiwa achague mwenyewe.

Msije mkadhani hayo ni ya kale tu. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2017, kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya baadhi ya simu zake zilizozeeka betri. Ilieleza kwamba ilifanya hivyo ili simu zisizimike ghafla. Huenda ni kweli. Hata hivyo wenye simu hawakuwa wameelezwa waziwazi, na wengi walidhani dawa ni kununua simu mpya, kumbe betri mpya ingetosha.

Sasa turudi kwetu ziwani. Wavuvi wa omena wa Homa Bay huvua usiku wa giza, wakati mbalamwezi haipo, kwa kuwa omena hufuata nuru. Kwa miaka mingi walitumia karabai. Karabai hunywa mafuta ya taa usiku kucha kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na pesa nyingi za samaki huishia kwenye mafuta. Mwaka wa 2008, kampuni ile ile ya Osram ilifungua kituo Mbita ambako taa za betri zilichajiwa kwa nguvu za jua. Mvuvi aliweka arabuni, akachukua taa, na ilipoisha chaji akairudisha na kulipa ada ndogo.

Hapo pana somo ambalo mimi naliona kubwa. Anayeuza taa hupata faida taa hiyo ikiharibika, kwa sababu mteja atarudi kununua nyingine. Anayekodisha taa hupata hasara ikiharibika, kwa sababu taa ni mali yake. Kwa hivyo jina moja la kampuni, Osram, limewahi kuwa katika mpango wa kufupisha maisha ya balbu na pia katika mpango ambao taa ya kudumu ingemfaa mwenyewe. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni nani anayelipia kuharibika kwa kifaa. Basi ukitaka kujua kama kifaa kitadumu, usisome tangazo. Uliza kwanza: kikifa, ni nani atakayelia?

La pili ni ubora. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilikuwa tayari na soko kubwa la paneli ndogo za sola, na wananchi vijijini walizinunua kwa pesa zao wenyewe. Watafiti walipozipima waligundua kwamba baadhi ya paneli zilitoa umeme mchache kuliko ulioandikwa juu yake. Mnunuzi angejuaje? Jua hana mita. Taa ikififia saa mbili usiku, mwenye nyumba hulaumu mawingu. Habari hizo zilipotangazwa, watengenezaji wengine walirekebisha bidhaa zao. Ndiyo kusema kipimo kina nguvu kuliko malalamiko.

Hali kadhalika kwa simu. Tarehe 30 Septemba 2012, tume ya mawasiliano ya Kenya iliagiza simu bandia zizimwe kwenye mitandao. Kabla ya siku hiyo wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# ili kuona nambari ya utambulisho wa simu, kisha kuituma kwa ujumbe mfupi na kujibiwa kama simu ni halali. Lilikuwa jambo jema, lakini tazameni aliyeumia. Aliyeingiza simu hizo nchini alikuwa ameshapata pesa zake. Mwenye duka alikuwa ameshauza. Hasara ilimwangukia mama muuza samaki ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba simu zina baba halali na baba haramu.

La tatu, na ndilo linaloniuma zaidi, ni mkopo wenye kufuli. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, iliwezekana kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini kulipa shilingi chache kila siku bila kwenda popote. Kampuni ziliona mlango umefunguka. M-KOPA ilianza kuuza vifaa vya sola kwa malipo ya kila siku mwaka wa 2012. Mwaka wa 2020 Safaricom na Google walileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao ulitangazwa kwa malipo ya kuanzia shilingi 20 kwa siku. Baadaye wafanyabiashara wengi, wakubwa kwa wadogo, waliingia katika biashara hiyo.

Mjomba wangu ni mvuvi huko upande wa Mbita. Alichukua simu kwa mpango wa namna hiyo kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Nilipomtembelea likizoni nilimuuliza, "Mjomba, jumla yake ni ngapi?"

Akacheka. "Okewa, mimi sikuuliza jumla. Niliuliza ya kila siku. Ni shilingi sitini, bei ya chai na mandazi."

Tulikaa chini tukapiga hesabu nyuma ya daftari langu la Jiografia. Arabuni ilikuwa shilingi 2,000. Shilingi 60 kwa siku 360 ni shilingi 21,600. Jumla, 23,600. Simu ya aina hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa dukani kwa shilingi 14,000 taslimu. Tofauti ni shilingi 9,600. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni nyavu."

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mjomba hakuwa na shilingi 14,000 mkononi siku moja, na hakuna benki ambayo ingemkopesha bila dhamana. Muuzaji naye hubeba hatari, kwa kuwa wako wanaochukua simu wasilipe. Deni lina bei yake, hakuna anayekataa. Ninachouliza ni kwa nini bei hiyo haisemwi kwa sauti ile ile inayotumiwa kutangaza shilingi sitini.

Tena kuna kufuli. Usipolipa, simu hujifunga yenyewe kutoka mbali. Sasa fikirieni mvuvi wa omena. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazaane. Miezi hiyo mapato hukauka. Lakini simu haijui habari za msimu wa kuzaana. Inajua siku moja, shilingi sitini. Simu ya mjomba ilijifunga mwezi wa Mei, wakati alikuwa ameshalipa zaidi ya bei ya taslimu ya dukani. Aliitoa laini, akaitia katika mulika mwizi yake ya zamani yenye tochi, akaendelea kupokea simu. Mulika mwizi ile haina picha wala muziki, lakini ilikuwa yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria ya Kenya ilishafikiria habari hii zamani. Sheria ya ununuzi wa mali kwa mafungu ya mwaka wa 1968 inasema kwamba mnunuzi akishalipa thuluthi mbili za bei ya mkataba, mwenye mali hawezi kumnyang'anya bila kwenda mahakamani. Wakati huo walikuwa wakifikiria redio, cherehani na samani. Mtu alipaswa kuja kwako na gari akabebe kabati. Siku hizi hakuna anayekuja. Simu inabaki mfukoni mwako, lakini haikutii tena. Je, kuifunga si namna ya kuinyang'anya? Mimi si wakili, lakini naona swali hilo linafaa kuulizwa bungeni na mahakamani. Hata Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili pamoja na habari zinazomwezesha kuzifaidi.

La nne linatuhusu sisi wa Migori moja kwa moja. Ndani ya kila simu mna dhahabu kidogo sana, chini ya gramu moja, kwa sababu dhahabu hupitisha umeme vizuri na haishiki kutu. Wachimbaji wadogo wa kwetu hutumia zebaki kuikamata dhahabu kutoka kwenye unga wa mawe, kisha huichoma zebaki hiyo igeuke mvuke na kupaa. Mvuke wake hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na watoto walio tumboni. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki ulitiwa sahihi mwaka wa 2013 na ukapewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu walisumishwa na samaki wenye zebaki. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutia sahihi. Sisi nasi tunakula samaki, na mito ya Migori humwaga maji yake ziwani.

Sisemi kwamba dhahabu ya Nyatike ndiyo iliyo ndani ya simu ya fulani. Dhahabu ikishayeyushwa haina kabila. Ninachosema ni kwamba simu ikitupwa baada ya miaka miwili, madini yake hutupwa nayo, na mtu mahali fulani hushuka tena shimoni kutafuta mengine. Kumbe tani moja ya simu kuukuu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodi wa kawaida! Fundi wa simu pale kituo cha magari anayebadilisha kioo na betri anafanya kazi kubwa kuliko tunavyofikiria. Kampuni inayogundisha betri isitoke inamnyima fundi huyo riziki, na inatupunguzia sisi miaka ya kutumia kilicho chetu.

Basi kabla hujanunua, ndugu msomaji, uliza maswali matano. Jumla ni ngapi, si kila siku ni ngapi? Kikiharibika, hasara ni ya nani? Nani amekipima ubora wake mbali na mwenye kukiuza? Betri inatoka, na fundi wa hapa anaweza kuitengeneza? Nikikosa kulipa mwezi mmoja, nitabaki na nini? Muuzaji mwema hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu.

Nimalizie kwa pendekezo kwa chama chetu. Karatasi ya mkataba ambayo mjomba alikubali kwa kidole imeandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo, na yeye hakuisoma. Wazazi wetu wengi wako hivyo. Sisi tunashinda tukitafsiri vifungu vya mtihani ambavyo hakuna atakayevitumia. Kwa nini siku ya wazazi tusiweke meza moja chini ya mti, mzazi atuletee mkataba wake, nasi tumsomee kwa Kiswahili na kumpigia jumla? Kalamu ipo, kikokotoo kipo, na mwalimu mlezi wetu hajawahi kukataa kazi yenye faida. Tukifanya hivyo tutakuwa tumefanya kazi ya mchimbaji: kusaga, kusafisha na kupima. Kwa hayo machache, natua kalamu.